Kifungu cha Kumi na Tisa

Siku watu wote watakapoanza kusoma wanachotia sahihi, wajanja watakufa njaa. Siku hiyo ilikuwa bado haijafika, na ndiyo maana Kifungu alikuwa na tai ya bluu, viatu vinavyong'aa na mkoba mweusi wa ngozi. Ndani ya mkoba mlikuwa na kitana, soksi za akiba na gazeti la mwaka juzi. Lakini ulifungwa kwa ufunguo, na mkoba uliofungwa huheshimiwa kila mahali.

Jina la Kifungu alipewa na mtaa. Hakuweza kuagiza hata soda bila kutaja kifungu fulani cha sheria, na muuzaji, kwa kuogopa kuonekana hajui, alitikisa kichwa na kumchagulia iliyo baridi zaidi. Sheria yenyewe aliisoma mwaka mmoja chuoni, tena haukutimia. Alitoka huko na vitu viwili tu: ile tai, na sauti ya chini ya mtu anayejua jambo ambalo wewe hulijui.

Asubuhi moja alikuwa kwenye duka la fotokopi, akijifanya anasubiri karatasi zake, kumbe amekimbia jua. Mbele yake bwana mmoja mwembamba, muuza viatu mtandaoni ambaye wenzake walimwita Soli, alikuwa anagombana na simu.

"Dada yangu, nilikuuliza namba ya mguu, ukasema arobaini," Soli alisema. "Sasa mguu ukinenepa baada ya wiki mbili, mimi nifanyeje?"

"Nirudishie hela yangu," sauti ya mwanamke ilijibu, kali kiasi kwamba duka zima lilikuwa shahidi. "Huna hata masharti kwenye ukurasa wako. Unauza bila masharti halafu unanijibu? Nitakushtaki mpaka ushangae."

Simu ikakatika. Soli akabaki anaitazama, na kijasho chembamba kikamtoka. Kifungu akainua pua. Hofu ya mtu mwingine ina harufu, na kwake yeye harufu hiyo siku zote ilikuja na chakula cha mchana. Akasogea taratibu.

"Samahani, ndugu yangu. Sikukusudia kusikia. Unauza mtandaoni?"

"Ndiyo."

"Una masharti?"

"Nina viatu," alisema Soli.

Kifungu akafumba macho kidogo, namna daktari anavyofanya kabla ya kuzungumza na ndugu wa mgonjwa.

"Picha za hivyo viatu umezipiga mwenyewe?"

"Nyingine nilizipiga. Nyingine nilizikuta."

"Ulizikuta. Hakimiliki hiyo," Kifungu alinong'ona. "Na majina ya wateja, namba zao, nyumba wanazokaa, unayaweka wapi?"

"Kwenye daftari."

"Daftari lina kufuli?"

"Daftari gani lina kufuli?"

"Taarifa binafsi za watu, ndugu yangu. Na mteja akitaka kurudisha mali, anarudisha ndani ya siku ngapi? Kwa nauli ya nani?" Soli hakujua, na Kifungu alimwekea mkono begani. "Makosa matatu, na hata chai hatujanywa. Kifungu cha arobaini na moja, kifungu kidogo cha tatu. Hakikwepeki hicho."

Tuwe wakweli hapa, maana hata mjanja ana haki yake. Mengi aliyoyasema Kifungu hayakuwa ya kubuni. Mtu anayemuuzia mwenzake asiyemwona anapaswa kusema yeye ni nani, anauza nini, kitu kikiharibika kinarudi vipi, na majina ya watu anayatunzaje. Kifungu hakukosea kuutaja ugonjwa. Balaa lilikuwa kwenye dawa.

Dawa ilitengenezwa palepale, kwenye kompyuta ya duka la fotokopi, Soli akiwa ameambiwa arudi baada ya saa moja. Kifungu alitafuta mtandaoni mpaka akakutana na ukurasa wa mtu anayeuza mapazia, wenye masharti kumi na tisa yaliyoandikwa kwa uzito wa kutisha. Alisoma matatu ya kwanza. La nne likamchosha. Akayachukua yote, akaiamuru mashine ibadilishe kila "pazia" liwe "kiatu" na kila "mapazia" yawe "viatu", akachapa, akagonga muhuri mwekundu wenye picha ya mizani na ndege. Ndege huyo alikusudiwa kuwa tai, lakini fundi aliyeuchonga muhuri alikuwa amezoea kuku.

Ndivyo Soli alivyolipa na kuondoka na karatasi iliyosema: *Kiatu lililotundikwa dirishani zaidi ya siku saba halirudishwi. Mteja apime dirisha lake mwenyewe, mara mbili, kabla ya kuagiza viatu.* Alisoma, akaona pagumu, akafarijika. Alidhani ndivyo mahakama zinavyozungumza.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya Dada Manukato, mwanamke mwenye sauti nyororo aliyeuza marashi kwa simu kutoka sebuleni kwake. Huyu aliuziwa karatasi iliyosema kwamba manukato yakifupika baada ya kufuliwa, muuzaji hahusiki. Naye alilipa bila kupepesa macho. Baada yake wakaja wengine, kila mmoja akiletwa na hofu ya mwenzake, na Kifungu akaanza kunywa soda mbili kwa siku.

Jumatatu moja, akiwa kwenye ile soda ya pili, mama yake alipiga simu.

Mama yake Kifungu alikuwa mshonaji wa sare za shule. Ada zote alizowahi kulipa zilipita kwanza chini ya sindano ya cherehani yake, na ule mwaka wa chuo cha sheria peke yake ulikuwa sketi mia nne. Hizo sketi Kifungu aliwahi kuzipiga hesabu usiku mmoja, akaapa kutozipiga tena. Hakumwambia mama yake kwamba aliacha masomo. Alimtumia picha akiwa amevaa tai, na kwa miaka sita kila alipoulizwa kwa nini haendi nyumbani, alisema kesi zimembana.

"Mwanangu, nakuja Alhamisi," mama alisema.

"Alhamisi hii? Mama, wiki hii nina kesi juu ya kesi."

"Ndiyo vizuri. Nataka nikukute ofisini kwako, unafanya kazi. Nikae kwenye kiti cha wateja, nisiguse kitu, nikusikilize tu."

"Kwa nini usingoje mwezi ujao?"

"Macho yangu yanaondoka, mwanangu. Daktari amesema yatazima polepole. Kabla hayajazima nataka nilione hilo moja."

Kwa mara ya kwanza tangu mtaa umjue, Kifungu hakuwa na kifungu cha kutaja. Askari hawakumtisha, na rumande aliwahi kulala akatoka amemuuzia mlinzi ushauri. Alichokiogopa duniani ni mama yake kujua kwamba sketi mia nne zilinunua tai. Akaiacha soda nusu, akaenda kutafuta ofisi.

Aliipata kabla ya adhuhuri, kwenye mtaa wa maduka ya vitambaa. Chumba cha juu, mlango wa kioo, meza pana, na kibao kilichoandikwa "Chumba kinapangishwa". Chini yake kulikuwa na karakana ya mapazia: cherehani nne, vitambaa vimesimamishwa ukutani, na mwenye mali mwenyewe, mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, miwani imening'inia kifuani kwa uzi na tepu ya kupimia iko shingoni. Watu wote walimwita Mama Mapazia. Neno "mapazia" lilimwasha Kifungu kidogo nyuma ya sikio, lakini mji una madirisha mengi, na kila dirisha lina muuza pazia wake. Akalipuuza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

"Chumba cha juu nakihitaji kwa siku moja tu. Alhamisi."

"Siku moja? Watu hupanga mwaka."

"Ofisi yangu inapakwa rangi, na mama yangu mzazi anakuja kunitembelea. Mimi ni mwanasheria wa biashara za mtandaoni."

Mama Mapazia alivaa miwani. Akamtazama kuanzia viatu, akapanda mpaka kwenye tai ya bluu, akakaa hapo muda mrefu kidogo.

"Wa mtandaoni," alisema. "Kumbe."

Kifungu angeweza kulipa kodi ya siku moja, pesa alikuwa nayo. Lakini kulipa kitu kinachoweza kupatikana kwa maneno aliona ni kukitukana kipaji. "Mama, na wewe unauza mtandaoni?" aliuliza.

"Najaribujaribu."

"Una masharti?"

"Masharti ndiyo nini, mwanangu?"

Kifungu karibu amwonee huruma. Kabla hajajibu, simu ya mama ikalia mezani.

"Hallo," Mama Mapazia aliitika. "Ndiyo, namba ndiyo hii. Kisigino kimeng'oka? Pole sana, baba. Hapana, mimi nauza mapazia. Umeisoma wapi namba? Kwenye kifungu cha kumi na nane. Sawa, nimekuelewa." Akaiweka simu chini taratibu. "Wa tano leo. Watu wanakosea sana namba siku hizi."

"Hilo nalo lina kifungu chake," Kifungu alimfariji.

Wakakubaliana. Kifungu amletee Mama Mapazia masharti kamili ya biashara, naye ampe chumba Alhamisi nzima. Tena mama yule akawa na moyo wa ajabu. Alisema ofisi isiyo na wateja haipendezi, kwa hiyo siku hiyo atamletea wawili watatu wenye shida za kisheria, ili mzazi aone mwanawe anavyohangaikiwa. Kisha akaomba namba ya simu ya mama mgeni, apate kumwelekeza njia, maana mtaa ule unapoteza watu. Kifungu akaitoa, na machozi yakamlengalenga kidogo. Alikuwa amesahau kwamba duniani kuna watu wema.

Jumatano alileta masharti. Kazi ilikuwa nyepesi kuliko zote, kwani safari hii mashine ilikuwa inarudisha tu viatu kuwa mapazia. Mama Mapazia aliyasoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikimchezacheza.

"Haya umeyaandika mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu. Miaka mitatu."

"Hapa unasema pazia lililokwisha kushika harufu ya jikoni kwa mteja halirudishwi."

"Ndiyo."

"Aliyeandika hivi aliwahi kurudishiwa pazia linanuka samaki. Tena la hariri."

"Ni uzoefu wa kazi, mama."

"Na umeyasoma yote?"

Kifungu akacheka. "Mama, nani asiyejua alichokiandika mwenyewe?"

"Kweli," alisema Mama Mapazia. "Ila karatasi zako zimekunjamana. Nitazichapa upya kwenye karatasi nzito, kesho asubuhi utie sahihi kila ukurasa kwamba ni maneno yako na unayafuata yote. Mimi ni mtu wa kushona, sipendi kazi isiyo na pindo."

Asubuhi ya Alhamisi Kifungu alitia sahihi kurasa nne, mbiombio, huku jicho liko kwenye ngazi. Sahihi yake ilikuwa nzuri sana, yenye mkia mrefu. Alikuwa ameifanyia mazoezi kuliko kitu kingine chochote maishani mwake.

Mama yake alifika saa nne. Alikuwa amevaa nguo zake za kuendea harusi za watu, na mkoba mdogo ameukumbatia. Alipanda ngazi akihesabu kwa sauti ya chini, akasimama mlangoni, akashika kioo, akashika meza, akamshika mwanawe uso kwa mikono miwili. Kisha akakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango. Pembeni yake palikuwa na pazia, na kwa mazoea ya kazi akalichukua pindo lake akalipitisha katikati ya vidole.

"Ofisi nzuri," alisema. "Pindo limenyooka. Haya, fanya kazi, mimi sipo."

Kifungu akaketi nyuma ya meza. Kwa dakika nzima, labda mbili, alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote mjini.

Halafu wateja wakaingia. Mbele alikuwa Mama Mapazia. Nyuma yake alikuwa Soli, na nyuma ya Soli, akitanguliwa na harufu nzuri, alikuwa Dada Manukato.

Moyo wa Kifungu ulishuka mpaka kwenye soksi. Soli akafungua mdomo, Mama Mapazia akamkanyaga mguu bila kumtazama, Soli akaufunga.

"Wakili, habari za asubuhi," alisema Mama Mapazia. "Hawa ni wenzangu wa biashara. Tumepatwa na jambo, tunataka utusaidie."

"Jambo gani?" Kifungu aliuliza, kwa sauti aliyoisikia inatoka mbali.

"Mimi nina masharti ya biashara yangu. Nimeyaandika miaka tisa, kila kifungu kina kisa chake na kilio chake. Mtu mmoja ameyachukua mtandaoni, akawauzia hawa kama yake. Hata namba yangu ya simu hakuiondoa. Wiki tatu sasa napokea malalamiko ya viatu."

"Mteja wangu ameniuliza kwa nini apime dirisha," alisema Dada Manukato, na sauti yake nyororo ilikuwa na wembe ndani.

"Yule dada wa namba arobaini nilimpelekea ile karatasi," Soli alisema. "Akawasomea ndugu zake wote. Wamecheka mpaka wakaniita niwasomee tena."

Kifungu aliutazama mlango. Kiti cha mama yake kilikuwa kati yake na mlango, na mama yake alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Suala zito hili," alisema. "Linahitaji uchunguzi. Njooni wiki ijayo."

"Mwanangu," mama yake alisema kwa upole, "watu wamepanda ngazi."

"Hatutakuchosha, wakili," alisema Mama Mapazia. Akaweka kurasa nne mezani, akazigeuza zimwelekee Kifungu peke yake. Mkia mrefu wa sahihi ulionekana chini ya kila moja. "Tusomee tu kifungu cha kumi na tisa. Kwa sauti, mzazi naye asikie."

Kifungu alikuwa hajawahi kufika huko. Akasoma kama mtu anayeingia chumba chenye giza:

"Kifungu cha kumi na tisa. Atakayeyachukua masharti haya na kuyatumia au kuyauza bila idhini ya mwenyewe, amekubali kwa hiari yake kukunja na kushona pindo za mapazia katika karakana ya mwenyewe, kwa siku thelathini za kazi, bila malipo. Chai atapewa."

Soli alichekea puani.

"Nilikiandika mwaka jana," Mama Mapazia alieleza, "nione kama kuna mtu anasoma mpaka mwisho. Sasa, wakili, kina nguvu au hakina?"

Hapo Kifungu akaona tundu la sindano, na akajipenyeza. "Hapana," alisema upesi. "Kusema kweli hiki ni kama mzaha. Mtu hafungwi na karatasi kwa sababu tu ameinakili. Mahakama haiwezi kumlazimisha mtu ashone."

"Hata kama ametia sahihi?" Mama Mapazia aliuliza. "Kila ukurasa, mchana kweupe, hajalewa, hakuna aliyemshika mkono. Akasema ni maneno yake na anayafuata yote."

"Labda hakuyasoma."

"Kutosoma ni utetezi, mwanangu?" mama yake aliuliza.

Chini, cherehani moja ilipiga hatua chache, ikatulia.

Katika ule mwaka wake wa chuo ambao haukutimia, kulikuwa na kipindi kimoja tu ambacho Kifungu hakusinzia, na kilihusu swali hilo hilo. Jibu alilijua. Angeweza kusema ndiyo, ni utetezi, akaokoka, na mama yake angeondoka ameridhika, bila kujua kwamba amemsikia mwanawe akidanganya kwenye kiti cha wakili. Maneno yalikuwa tayari yamefika kwenye ulimi, na ulimi wake haukuwahi kumgomea. Kisha akaona kidole cha mama yake kikienda na kurudi juu ya lile pindo, na sketi mia nne zikamjia zote kwa pamoja.

Akasimama. Akafunga kifungo cha koti.

"Hapana, mama. Kutosoma si utetezi. Mtu mzima aliyetia sahihi kwa hiari yake amejifunga, asome asisome. Na kama kazi yake yenyewe ni kuwauzia watu maneno, basi huyo ndiye asiye na pa kujificha kuliko wote." Maneno yakaanza kuja yenyewe. "Anayeuza mtandaoni hana kaunta. Mteja haoni uso wake, hashiki mali, hajui kama kesho atamkuta. Kinachosimama kati yao ni yale masharti, na anayeyaandika kwa uaminifu anafanya kazi kama anayeshona pazia. Huyu mtu ameiba kazi ya miaka tisa. Tena ameichukua mali ya mama huyu akawaharibia hawa, kwa sababu mtu wa viatu anayelindwa na sheria ya madirisha hana ulinzi."

Soli alikuwa amevua kofia.

"Kwa hiyo?" alisema Mama Mapazia.

"Kwa hiyo arudishe alichochukua kwa kila mmoja. Kisha akae na kila mmoja wao amsikilize, amwandikie masharti yake mwenyewe, ya viatu yawe ya viatu, ya manukato yawe ya manukato. Bure. Na zile siku thelathini..." Akaishika tai yake. "Amekubali mwenyewe."

"Na chai," Mama Mapazia alimkumbusha.

"Na chai atapewa."

"Huyo mtu tutampata kweli?" aliuliza Dada Manukato.

"Mtampata," alisema Kifungu. "Hana pa kwenda."

Walishuka mmoja mmoja. Soli alipofika mlangoni alimpa mkono, akasema ule ulikuwa ushauri mzuri kuliko wa kwanza, akatoweka kabla mama hajauliza wa kwanza ulikuwa upi. Mama Mapazia alichukua zile kurasa nne, akasema chai itakuwa tayari sasa hivi.

Kifungu alimsindikiza mama yake mpaka chini, ambako teksi ilikuwa inamsubiri. Alitaka kusema jambo. Mama yake alimwahi.

"Leo umezungumza kama wakili," alisema. "Nilitamani nisikie hata mara moja. Nimesikia."

"Mama, mimi..."

"Ngoja." Akafungua ule mkoba mdogo, akapapasa ndani, akatoa kastabini, ile kofia ndogo ya chuma ambayo washonaji huvaa kidoleni wasichomwe. Ilikuwa imechakaa, vishimo vyake vimelika upande mmoja. Akaiweka kwenye kiganja cha mwanawe, akamkunjia vidole. "Huyo mtu mkimpata, mpe hii. Kitambaa cha pazia ni kizito, kitamtoa damu. Mwambie aivae kidole cha kati."

Akaingia kwenye teksi, akakaa vizuri, akaiweka nguo yake isibanwe na mlango. Kifungu alisimama pale mpaka gari likakata kona, na baada ya hapo akasimama tena.

Aliporudi, Mama Mapazia alikuwa amemwandalia kiti karibu na dirisha la karakana. Pazia la kijani, refu, lilikuwa limelazwa juu ya meza likiwa na sindano na uzi, na pembeni yake kikombe cha chai kinafuka mvuke.

"Mama," alisema Kifungu, "naomba zile karatasi."

"Za nini tena? Umeshatia sahihi."

"Nataka kuzisoma."

Mama Mapazia akampa. Kifungu alivua tai, akaketi, akaanza na kifungu cha kwanza. Alisoma sharti la kupima dirisha mara mbili, la rangi kupauka kwa jua, la samaki. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na chai ikapoa. Alifika cha kumi na nane, akakisoma. Alifika cha kumi na tisa, akakisoma tena. Akafunua ukurasa wa mwisho, ambako sahihi yake ilikuwa imekaa na mkia wake mrefu, na juu ya sahihi akakuta vifungu vimefika ishirini.

*Pindo zote zitakaguliwa kila Alhamisi na mama mzazi wa mshonaji, kwa vidole. Pindo lililopinda litafumuliwa, na siku hiyo haitahesabiwa.*

Akakisoma mara mbili. Ile namba ya simu haikuelekeza njia tu; mama yake alijua tangu kabla hajapanda ngazi, na bado alivaa nguo za harusi.

Mama Mapazia alikuwa ameinamia cherehani yake, anajifanya hamnazo. Kifungu akaivaa kastabini kidole cha kati. Akalivuta pazia la kijani magotini, akakunja pindo la kwanza, akalinyoosha kwa kiganja, akalitazama, akalikunja upya.